Kaka Ametoa Karatasi, Anasema Ni Wosia wa Baba

Mwezi huu nimezitandaza barua zenu mezani nikakuta nyingi zinalia kilio kimoja: mzazi amefariki, karatasi imejitokeza, na ndugu wa tumbo moja hawasalimiani tena. Nilikaa kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 26, Kagera kwanza kisha Tanga, na sikuwahi kuzizoea kesi hizi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana aliyeandika ameuliza kwa niaba ya wengi.

*Shikamoo Mama Hakimu. Mimi ni binti wa pili katika watoto sita, wanaume wawili na wanawake wanne. Baba yetu alikuwa mwalimu mstaafu, tumemzika Kamachumu, wilaya ya Muleba, Februari mwaka huu. Mama alitangulia miaka minne iliyopita. Baba ameacha kibanja chenye migomba na kahawa, ng'ombe wanne, na nyumba Mwanza yenye hati. Siku ya kuanua matanga kaka yetu mkubwa alitoa karatasi mbili zilizopigwa chapa, akasema ni wosia wa baba. Akasoma mwenyewe, haraka haraka, akazikunja akatia mfukoni. Kibanja na nyumba ni vyake, ng'ombe ni wa mdogo wetu wa kiume, na sisi mabinti "wameshaolewa, wana kwao". Tarehe iliyoandikwa ni ya Novemba mwaka jana. Wakati huo baba alikuwa ameshapata kiharusi, mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji kwa kijiko, na mkono wake wa kulia ulikuwa haushiki kitu. Mashahidi ni wawili: mke wa kaka, na rafiki yake wa Mwanza ambaye hatujawahi kumwona kwetu. Tulipoomba nakala, kaka alisema tunamvunjia baba heshima. Sasa tumesikia amefungua mirathi mahakama ya mwanzo huko Mwanza anakoishi yeye. Baba mdogo anasema tukienda mahakamani tutakuwa tumeuvunja ukoo. Tuna haki gani? Tukinyamaza itahesabiwa tumekubali?*
*Binti wa pili, Muleba*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kumbukumbu ya kile kijiko cha uji itunze, kwa sababu mbele ya hakimu inaweza kuwa na uzito kuliko hiyo karatasi ya chapa. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza nikutoe hofu ya neno heshima. Kuomba kuuona wosia wa mzazi wako si kumvunjia heshima. Wosia ni maneno ya marehemu kwa wote aliowaacha, na yule aliyeushika ameshika amana tu. Akishaupeleka mahakamani unakuwa sehemu ya jalada, na ninyi kama watoto mna haki ya kuusoma, kupata nakala, na kumwomba hakimu aagize karatasi halisi iletwe, si fotokopi. Ombeni hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nimeona mara nyingi fotokopi ikija mahakamani kwa kujiamini, halafu ile halisi ikawa "imepotea safarini".

Sasa tuutazame wosia wenyewe, na hapa lazima tujue unapimwa kwa sheria ipi. Tanzania Bara hatuna sheria moja ya urithi. Kuna ya mila, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Kuna ya Kiislamu. Na kuna ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kwa wakoloni na bado inatumika kwa watu walioishi nje ya mila, hasa Wakristo. Watu hudhani ubatizo unamaliza mjadala. Haumalizi. Mahakama huuliza marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipokea shauri la marehemu Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi Dar es Salaam mbali na mila za kwao, ikaona mali yake igawanywe kwa sheria ile ya India. Baba yenu alikuwa mwalimu, najua, na pengine amezikwa na padri. Lakini alirudi Kamachumu, akaishi kwenye kibanja, na kama alikaa vikao vya ukoo na kupokea mahari yenu kwa desturi ya Kihaya, kaka yenu ataweza kusema baba alikuwa mtu wa mila. Fikirini sana upande huu kabla ya kuandika chochote, kwa sababu kila mlango una faida yake na hasara yake.

Tuuchukue mlango wa mila. Kanuni za 1963 zinataka wosia wa maandishi uandikwe kwa wino au upigwe chapa. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wawepo mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Kama hajui, wawe wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Baba yenu alikuwa mwalimu, kwa hiyo wawili wangetosha kwa hesabu. Lakini yuko wapi wa ukoo? Wifi yenu ni binti wa ukoo mwingine, na rafiki wa Mwanza ni mtu baki kabisa. Baba mdogo, anayewaambia mnyamaze, yeye mwenyewe aliitwa kushuhudia? Muulizeni kwa adabu. Jibu lake ni ushahidi.

Kisha kuna jambo ambalo mabinti wengi hawalijui na linaniuma wasipolijua. Kwa kanuni hizo hizo, mzazi hawezi tu kuandika kwamba mtoto fulani asipate kitu. Sababu zimetajwa: mrithi awe amezini na mke wa mwenye wosia, au amejaribu kumuua, kumshambulia au kumdhuru vibaya yeye au mama mzazi wa huyo mrithi, au ameacha kumtunza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Na anayenyimwa lazima apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mwenye wosia au mbele ya baraza la ukoo. Kuolewa hakumo katika orodha hiyo. Wewe uliyemtunza katika ugonjwa umeandikwa usipate, nani alikuita ujitetee? Tarehe gani? Mbele ya nani? Maswali hayo matatu yaulizwe mahakamani, moja moja, polepole.

Sasa mlango wa pili. Kama mahakama itaona baba aliishi nje ya mila, sheria ya India inataka mashahidi wawili na haiulizi habari za ukoo. Inampa mwenye mali uhuru mkubwa wa kumpa amtakaye. Hapo mngeweza kuumia. Lakini ina kipengele ambacho kaka yenu hakukijua alipomweka mkewe atie sahihi: aliyeshuhudia wosia hawezi kunufaika na zawadi iliyomo, wala mume au mke wake hawezi. Wosia unabaki, ila zawadi ile inabatilika. Maana yake kibanja na nyumba alivyojiandikia kaka vinarudi kwenye mali ya wote, na kwa kuwa mama yenu hayupo, watoto wote sita mtapata sawa kwa sawa, wa kike kama wa kiume. Kwa hiyo karatasi hiyo ina ugonjwa katika milango yote miwili.

Nisikufiche la upande mwingine. Wosia ukianguka katika mlango wa mila, mali inagawanywa kama ya mtu asiyeacha wosia, na kanuni za 1963 zinawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Zinasema pia kwamba mwanamke anaitumia ardhi ya ukoo maisha yake bila kuiuza. Nilizitumia kanuni hizo kwa miaka na sikuzipenda hata siku moja. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba zinabagua lakini ikasita kuzifuta. Walienda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema wameonewa. Hata hivyo hamko mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Na kwenu kwenu Kagera kuna mwanamke aliyewafungulieni njia.

Huyo ni Holaria Pastory, Mhaya kama wewe. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumsaidia, aliliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua mwaka 1990 kwamba Katiba imekataza ubaguzi wa jinsia, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanaume kwa masharti yale yale. Nilikuwa kijana kazini hukumu ile ilipotufikia. Tuliisoma watatu kwenye meza moja, na karani wetu, mama wa makamo, aliomba aisome tena peke yake.

Ona lakini kwamba Holaria aliinuka kwa wosia wa baba yake. Ndiyo maana sitaki mwende mahakamani mkipiga kelele kwamba wosia ni kitu kibaya. Semeni karatasi hii si wosia wa baba. Mimi mwenyewe nina jeraha moja la kazini. Mzee mmoja, baba wa wana watatu wa kiume na binti mmoja, alimwandikia binti yule shamba la kahawa. Binti ndiye aliyemlea mpaka mwisho. Mzee aliandika kwa mkono wake, herufi nzuri, mashahidi wote wapo. Ila aliandika kwa kalamu ya risasi, yaani penseli, na kanuni zinakataza risasi waziwazi, kwa kuwa hufutika. Hakuna aliyebisha kwamba yale yalikuwa maneno yake. Nilitazama ile karatasi siku mbili nzima. Nikautengua wosia, kwa kuwa sheria ndivyo ilivyotaka, na binti yule aliniaga kwa kunishukuru. Mpaka leo nikiona penseli mezani namkumbuka.

Turudi kwenu, maana siku zinakwenda. Mirathi ya mila au ya Kiislamu hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Baba aliishi Kamachumu. Nyumba ya Mwanza ni mali yake tu, haikuwa makazi yake, na Mwanza ni makazi ya kaka. Hiyo ni hoja ya kwanza ya pingamizi lenu, tena ni ya mamlaka, na mahakama hulazimika kuimaliza kabla ya mengine. Hoja nyingine ni sheria ipi inamhusu baba, maana mahakama ya mwanzo haishughulikii mirathi ya sheria ile ya India. Hiyo huenda ngazi za juu. Ndiyo maana nilisema mchague mlango kwanza.

Nendeni Mwanza, hata wawili kwa niaba ya wengine, mtafute namba ya shauri kwa karani, na muandike pingamizi kabla kaka hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Pingamizi ni barua ya kueleza ninyi ni nani, uhusiano wenu na marehemu, na kwa nini mnapinga. Si lazima muwe na wakili. Kama hamna uwezo, tafuteni wasaidizi wa kisheria katika wilaya yenu, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nacho kimewasaidia wanawake wengi wa aina yenu.

Mkusanye ushahidi wa mkono wa baba. Hapa ndipo kijiko cha uji kinaponena. Chukueni hospitali karatasi za kuruhusiwa zinazoonyesha tarehe ya kiharusi na upande uliopooza. Tafuteni sahihi zake za zamani: benki, kumbukumbu za shule alizofundisha, stakabadhi za chama cha ushirika cha kahawa. Jirani aliyekuja kumgeuza kitandani mwezi huo wa Novemba naye ni shahidi. Mtu ambaye mkono wa kulia umekufa hupiga dole gumba au huandika kwa shida. Sahihi iliyonyooka ya Novemba ile inahitaji maelezo. Mahakama inaweza kuagiza karatasi ipelekwe kwa wataalamu wa maandishi wa Jeshi la Polisi. Na kaka yenu ajue, hata kama ni ninyi mtakaomweleza kwa upole, kwamba kughushi wosia ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Simuiti mwizi. Simjui, na yeye hajasikilizwa. Lakini mtu aongoke mapema akijua anachochezea.

Nyumba ya Mwanza ina hati, kwa hiyo wekeni zuio kwa Msajili wa Hati ili isiuzwe shauri likiwa linaendelea. Ya kibanja, mwandikieni mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, mbaki na nakala yenye mhuri.

Mkinyamaza? Kunyamaza hakufuti urithi wenu, ila kunawapa wengine muda. Akishateuliwa mnaweza kuomba mahakama ile ile imwondoe kwa kuwa alipata uteuzi kwa udanganyifu, au kukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Lakini nyumba ikishapita mikononi mwa mnunuzi aliyelipa fedha zake kwa nia njema, mtakuwa mnamfuata kaka na si nyumba.

Kuhusu baba mdogo. Mwambieni kwamba mnamheshimu na mnamwomba aitishe kikao cha ukoo wiki hii, wosia halisi uwekwe mezani, muhtasari uandikwe. Muhtasari si sharti la sheria kama watu wanavyodhani, lakini hakimu huupenda. Kaka akikataa kuuleta wosia kwenye kikao, hilo nalo liandikwe humo. Na mdogo wenu wa kiume aliyepewa ng'ombe, msimwache nje. Naye amenyang'anywa kibanja na nyumba kama ninyi, pengine hajapata mtu wa kumwambia.

*Assalaam aleikum Mama. Sisi ni ndugu saba, wanaume watatu na wanawake wanne, mama yetu yu hai. Marehemu baba ameandika kwamba nyumba yetu ya hapa Tanga apewe mdogo wetu wa mwisho wa kiume kwa kuwa ndiye aliyekaa naye. Nyumba ndiyo mali pekee. Baadhi wamekubali. Mimi na dada wawili hatukubali. Je, tunakwenda kinyume na wosia wa mzazi?*
*Mtoto wa kwanza wa kiume, Tanga*

Waaleikum salaam baba. Hapana, hamwendi kinyume. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo mahakama ya mwanzo Tanzania Bara huitumia kwa Waislamu, wosia hauzidi thuluthi ya mali baada ya mazishi na madeni kulipwa, tena thuluthi hiyo ni ya wasio warithi. Kumwusia mrithi hakupiti mpaka warithi wenzake waridhie, na ridhaa inayohesabika ni ile ya baada ya mzazi kufariki, si ile mliyoitikia kitandani kwake kwa kumhurumia. Aliyekubali amejifunga katika fungu lake mwenyewe tu. Hawezi kukutolea la kwako.

Tufanye hesabu ili mkae nayo. Tuseme nyumba inathaminiwa kwa shilingi milioni 80 na hakuna deni. Mama anachukua thumuni, yaani milioni 10, na hili msilisahau, maana katika kugombana watoto mara nyingi mama husahaulika barazani. Milioni 70 zinagawanywa mafungu 10: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Ninyi wanaume watatu kila mmoja milioni 14, dada zenu kila mmoja milioni 7. Waliokubali wakitaka kumwachia mdogo mafungu yao, waandike na watie sahihi. Masheikh wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, hapo Tanga wanaweza kuwakagulia hesabu.

Kuna swali moja tu linaloweza kubadilisha haya: je, baba alimpa nyumba akiwa hai na mzima, akamkabidhi, akatoka katika umiliki? Hiyo ingekuwa hiba, na hiba si wosia. Kwa jinsi ulivyoandika, baba alibaki mwenye nyumba hadi kifo chake.

Umeniuliza la sheria nami nimelijibu. Nikuombe na la moyo. Huyu mdogo alikaa na mzee. Aliosha, alipika, aliamka usiku. Kama mtauza, mpeni muda wa kupata pa kulala, na gharama alizotoa mfukoni kwa ajili ya dawa azilete zihesabiwe kama deni la marehemu kabla ya kugawa. Ni haki yake akiwa na uthibitisho.

*Mama Hakimu, gazeti hili tunalisoma hata huku Kenya. Baba ameacha wosia, ametaja watoto watatu kati ya watano. Mimi nina kazi yangu na miaka 41, ndugu zangu wanasema sikuwa nikimtegemea hivyo sina dai. Ni kweli?*
*Msomaji, Voi*

Si kweli. Sheria yenu ya Urithi, Sura ya 160, imekuwa ikitumika tangu Julai 1981, na katika hili iliwatendea watoto haki kuliko yetu. Kifungu cha 26 kinamruhusu tegemezi aliyeachwa bila fungu la kutosha kuiomba mahakama impangie, hata kama wosia ni halali kabisa. Na kifungu cha 29 kinawahesabu watoto wa marehemu kuwa tegemezi, wawe walikuwa wakitunzwa naye au la. Ni ndugu wa marehemu, yaani ami na shangazi zako, wanaotakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa akiwatunza. Mahakama itaangalia mali ni kiasi gani, hali yako, aliyokupa akiwa hai, na kwa nini alikuacha. Inaweza kukupa kidogo kwa kuwa una kazi, lakini mlango uko wazi.

Angalia muda tu. Ombi hilo lazima liingie kabla mgawanyo haujathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huja miezi sita baada ya msimamizi kupewa hati. Soma matangazo ya Gazeti la Serikali. Likitoka la baba yako, mna siku 30 za kuweka pingamizi. Kama familia yenu ni ya Kiislamu, haya hayakuhusu, nenda kwa Kadhi.

*Shikamoo dada. Mimi ni mzee wa miaka 71, mkulima wa mahindi. Nina watoto watano kwa mama wawili, na mama zao wote wametangulia. Nasoma safu hii naogopa. Nifanye nini wasije wakafikishana kwa hakimu?*
*Baba wa watano, Songea*

Marahaba kaka yangu, na asante kwa kuandika ukiwa na nguvu zako. Barua kama yako ni chache mno.

Andika sasa. Taja kila mtoto kwa jina lake, wa nyumba zote mbili, hata yule mliyekosana, na kila shamba kwa mipaka yake: mto upande huu, mwembe upande ule. Kama kuna mtoto uliyekwisha mpa kiwanja au kumsomesha kwa kuuza ng'ombe, sema hivyo kwenye wosia, ili ndugu zake waelewe kwa nini fungu lake ni dogo. Weka tarehe. Mashahidi wasiwe warithi wala waume au wake za warithi. Wawe wa ukoo na wasio wa ukoo, wote wakae pamoja siku moja wakuone unatia sahihi nao watie. Sheria ingekuridhia wawili kwa kuwa unajua kuandika, lakini mimi ningeita wanne, maana katika miaka kumi ijayo wawili wanaweza kuwa wamekufa. Chagua wenye umri mdogo kuliko wako.

Ukimaliza, usiuweke chini ya godoro. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia, na hata kukusaidia kuuandika. Ukibadilisha mawazo, andika mwingine useme wazi kwamba ule wa kwanza umeufuta, kisha uuchane.

Halafu waite wote watano, Krismasi au wakati wa mavuno, uwaeleze kwa mdomo wako uliyoyaandika. Wengine watanuna. Ni afadhali wanune ukiwepo, waweze kukuuliza. Na kaka yangu, kama unayo penseli nyumbani, wape wajukuu waichoree.